Kiti Chekundu cha Kondo Kinyozi

Haya, aliyesimama aketi, na aliyeketi ajibane kidogo mwenzake apate nafasi. Kisa hiki hakisikilizwi bure. Kikiisha kila mmoja atatoa hukumu, mkubwa kwa mdogo, na hakuna kusingizia usingizi.

Pale Ikwiriri, mtaa wa nyuma ya soko, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimkabidhi kitu ambacho wenzake walinyimwa.

Wa kwanza ni Pazi, mchora mabango. Huyu akichora kuku ukutani, paka wa mtaa mzima huja kujikunja chini yake wakingoja ashuke. Aliwahi kuchora mlango kwenye ukuta wa duka la mkaa, na mlevi mmoja alihangaika na kitasa chake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akimtukana mwenye nyumba kwa kumfungia nje.

Wa pili ni Mzee Matimbwa, fundi saa. Kipaji chake kilikuwa kungoja. Ukimpelekea saa iliyokufa hana haraka ya kuifungua. Huiweka mezani na kuitazama, akaitazama weee, mpaka saa yenyewe inaona haya na kuanza kwenda. Wapo watakaoapa kwamba waliona.

Wa tatu ni Bi Chausiku, kiongozi wa dufu na mwalimu wa kaswida. Mpe neno lolote, hata jina la dawa ya panya, atalivisha sauti utake kulisikia tena. Siku alipogombana na muuza nyanya sokoni, matusi yake yalitoka na mahadhi mpaka muuza nyanya akamwomba arudie ubeti wa pili.

Sasa, katikati ya watu hao kulikuwa na kiti.

Usicheke, kiti! Cha chuma, ngozi nyekundu, kinazunguka, kinapanda ukikanyaga pedeli, na kina pa kulazia kichwa. Mkuu wa wilaya mmoja alikikalia anyolewe ndevu tu, akasinzia, na msafara wake mzima ukabaki nje juani ukimsubiri aamke. Hakuna mtu Ikwiriri ambaye hakukitamani. Kilikuwa mali ya Kondo kinyozi, na Kondo alikuwa na mdomo uliokizidi hicho kiti kwa sifa. Alinyoa huku anasema. Mteja aliingia na nywele, akatoka na habari za wilaya nzima na upara wa upande mmoja, wala hakulalamika.

Kondo alikuwa na binti mmoja, Siwema. Mama yake Siwema alifariki zamani, na binti alikulia palepale kinyozini, akiwa na cherehani yake pembeni ya kile kiti. Kila mara baba alimwambia, "Mwanangu, siku yako nitakuoza mwenyewe. Simpi mtu uwakili. Kwa mdomo wangu huu, na watu wa Kibiti watanisikia."

Siwema akajibu, "Baba, Kibiti watalala saa hiyo."

"Wataamka!"

Basi Siwema akachumbiwa na Mkumba, kijana wa mashine ya kukoboa mpunga, na Kondo akampenda mkwewe huyo kama aliyemwagiza dukani. Posa ikaenda vizuri. Kisha asubuhi moja Kondo alikuwa akimnyoa mtu, wembe ukamponyoka, na mkono wa kulia ukafuata. Kiharusi.

Hospitali ilimrudisha akiwa hai. Mguu wake ulikuwa unaburuta, mkono umelala, na ule mdomo, mdomo ule, hauna neno. Daktari aliwaambia ndugu: "Akili yake iko palepale. Anajua anachotaka kusema, ila njia ya kutokea maneno ndiyo imeharibika. Mpeni muda. Msimpigie kelele, si kiziwi."

Mtaa ukasikia "msimpigie kelele, si kiziwi," ukaenda kumpigia kelele kama kiziwi. "MZEE KONDO! UNA-JI-SIKIA-JE?"

Ajabu ni kwamba "Marahaba" ilitoka safi kabisa. Ukimwamkia, anaitikia, mpaka wageni wakawa wanatoka wakisema amepona. "Mpumbavu" nayo ilitoka, tena bila kukwaruza. Lakini akitaka chai, ulimi ulimletea "ngazi". Mwenyewe alijisikia amekosea, akatikisa kichwa, akajaribu tena, ikaja "ngazi" tena, na machozi yakamtoka.

Na watu wa Ikwiriri wana adabu yao. Wakikuona na mzigo hawakuachi, wanaushika. Kwa hiyo walimshika Kondo maneno. Akianza "Na... na...", huyu anadakia, "Nataka maji!" Yule, "Nataka kulala!" Wakambeba wakamlaza saa nne asubuhi, mtu aliyetaka kukaa nje aone watu. Siwema ndiye aliyezidi wote, na kwa mapenzi. Baba hajafungua mdomo, yeye keshamalizia. Baada ya muda baba akaacha kuufungua.

Siku ya kupanga harusi, wazee wa upande wa Mkumba wakaja palepale kinyozini. Ngwande, mdogo wake Kondo, aliyeshika mashine ya kunyolea tangu kaka augue, akajitanua mkekani. "Kwa kuwa kaka hawezi, mimi baba mdogo nitamwoza binti."

Kondo akapiga mkono wa kiti. "Hapana! Hapana! Mpumbavu!" Huku kidole kinapepea upande wa wageni, wala haijulikani kinamwonyesha nani.

Wazee wakatazamana. "Amemkataa kijana wetu," mmoja akasema.

"Na kutukana ametutukana," mwingine akaongeza, akavaa viatu.

Siwema alibaki ameshika sinia la vitumbua, hajui baba yake anakataa nini. Posa ilikuwa inatoka mlangoni kwa miguu yake. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wale watatu wanapoingia.

Pazi aliingia na makopo ya rangi. Ukutani pale palikuwa na bango lake la zamani la vichwa vilivyonyolewa, kila mtindo na picha yake. Akaligonga kwa kidole. "Siwema, wateja miaka yote hawajui jina la mtindo hata mmoja. Wanaonyesha kidole tu, wananyolewa, wanaenda zao. Kuna aliyewaita mabubu?" Akaanza kuchora ukuta mzima: kikombe, kitanda, mlango, jua, msikiti, mdomo, sikio, na nyuso za watu wa mtaa, kila mtu na kasoro zake. Ngwande alilalamikia pua.

"Pua hiyo nimeipunguza," Pazi akamwambia. "Shukuru."

Rangi ilipokauka Kondo akapewa kitana kwa mkono wa kushoto. Akagusa uso wa Mkumba, kisha akaweka mkono kifuani, akatabasamu. Akagusa uso wa Ngwande, akagusa mdomo, akatikisa kichwa kwa nguvu. Kisha akagusa uso wake mwenyewe, akagusa mdomo, akagusa uso wa Siwema. Akarudia. Mimi, mdomo, Siwema.

Siwema akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba! Unataka kunioza mwenyewe?"

"Hapana," mdomo ukasema, huku kichwa kinaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kofia ikaanguka.

Ngwande akatumwa mbio kuwarudisha wazee wa Mkumba, na vitumbua vikaliwa. Sheikh Mbonde akaitwa. Akasema sheria haimlemei mgonjwa: aoze kwa ishara, au ampe Ngwande uwakili, ndoa ni sahihi. Kondo alichukua kitana akagonga ule mdomo wa ukutani mpaka rangi ikabanduka. Basi harusi ikawekwa baada ya Maulidi, mdomo upewe nafasi.

Mzee Matimbwa aliingia na meza yake ya saa. Hakuomba ruhusa, aliiweka tu mbele ya kile kiti chekundu. Maana siku hizo Kondo ndiye aliyekikalia, na Ngwande alinyolea watu kwenye kiti cha plastiki, akinung'unika. Matimbwa akamwuliza Kondo, "Leo umekula nini?" Kisha akainama kwenye saa zake. Kondo akaanza, "Wa... wa..."

"Wali!" Siwema akadakia kutoka kwenye cherehani.

Matimbwa akainuka taratibu, akaenda nyuma ya mlango, akaleta ufagio, akamkabidhi. "Binti yangu, nimemwuliza yeye. Kuanzia leo, anayemmalizia Kondo neno anafagia nywele zote za humu."

Na Ngwande alivyokuwa akinyoa, nywele zilikuwa mpaka kwenye chai.

Siku za kwanza Siwema alifagia mpaka kiuno kikauma. Wateja wakafagia. Mzee wa Mkumba, yule wa viatu, alikuja kusalimia tu, akajisahau, akafagia na kanzu yake. Sheikh Mbonde aliingia, akamalizia neno moja, neno dogo tu, akanyoosha mkono mwenyewe kudai ufagio. Mtaa ukaanza kujifunza kufunga midomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima bondeni. Watu walikaa wameuma vidole, wengine wametoka jasho, huku Kondo anatafuta neno lake polepole kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda. Na siku moja lilikuja. "Wa... wa... wali. Na... samaki." Matimbwa akajibu, "Wa kukaanga?" kama vile hakuna kilichotokea. Ila Siwema alimwona anafuta miwani mara mbili mbili.

Bi Chausiku aliingia kwa kukimbia. Wasichana wake walikuwa wanafanya mazoezi ya Maulidi nyumba ya pili, na kupitia dirishani akasikia sauti ya mwanamume inafuata kaswida, neno kwa neno, haikwami. Akachungulia. Kondo!

"Anaimba!" akapiga ukelele. "Jamani, Kondo anaimba!"

"Sasa mbona chai anaita ngazi?" Ngwande akauliza.

"Kwa sababu hujamwimbia chai!"

Bi Chausiku akavuta kigoda, akashika mkono wa kushoto wa Kondo, akaupigisha taratibu kwenye mkono wa kiti. Na-ku-o-ze-sha. Kwanza mdundo peke yake. Kisha wakavumisha pamoja midomo imefungwa. Kisha maneno, yeye na Kondo. Kisha akaipunguza sauti yake, akaipunguza, mpaka ikabaki ya Kondo peke yake, inayumba kama baiskeli aliyoachiwa mwenye kujifunza, lakini inakwenda. Sheikh aliposikia akakunja uso. "Bi Chausiku, ndoa haiimbwi."

"Sheikh, kitabu kinataka maneno yasikike. Kimesema yasikike vibaya?"

Sheikh akafikiri, akakubali. Lakini akatoa onyo moja. "Nikahi haina mzaha. Mkifanya mazoezi na Mzee Matimbwa hapo amekaa kama bwana harusi, na mkamtaja Siwema, mtanipa kazi ya kuivunja ndoa. Tajeni kitu kingine."

Wakatazama huku na huku, wakachagua kilicho karibu. Kwa hiyo kila siku Kondo aliimba, "Nakuozesha binti yangu Cherehani, kwa mahari tuliyokubaliana," na Mzee Matimbwa akajibu kwa adabu, "Nimekubali kumuoa Cherehani." Mtaa ukacheka mpaka ukazoea. Hakuna aliyewaza kwamba ulimi nao unazoea.

Siku ikafika. Ndoa ilifungiwa palepale kinyozini, maana Kondo hakutaka kubebwa kupelekwa popote. Wanaume walikaa mikekani, Kondo kwenye kiti chake, Mkumba mbele yake, mkono wa kushoto wa Kondo umeshika wa kwake. Siwema alikuwa nyuma ya pazia na Bi Chausiku na wanawake, jicho moja kwenye upenyo. Kifuani mwake hamkuwa na kitu isipokuwa ile ahadi ya zamani, ya kwa mdomo wangu huu.

Sheikh akasoma hotuba. Kisha ikawa zamu ya Kondo.

Nyuma ya pazia Bi Chausiku akagusa dufu kwa ncha ya kidole, polepole tu, tu-tu-tu. Kondo akavuta pumzi.

"Na-ku-o-ze-sha..." Sauti ile! Wanawake wakashikana mikono. "...bin-ti yan-gu... Che..."

Akakoma.

Alijisikia mwenyewe. Macho yakamtoka, midomo ikabaki wazi. Dufu likanyamaza. Jina la binti yake, ambalo alimpa yeye mwenyewe, lilikuwa limejificha mahali ndani humo na halitoki. "S..." akajaribu. Hakuna. Jasho likamshuka.

Ngwande akafungua mdomo.

Mzee Matimbwa aliinua ufagio. Alikuwa ameukalia muda wote chini ya kanzu yake! Ngwande akaufunga mdomo, meno yakagongana. Na watu wote mle ndani, waliokuwa na jina lile kwenye ncha ya ulimi, wakalimeza.

Lakini aliyelimeza kwa taabu kuliko wote ni Siwema. Jina lilikuwa lake. Angeweza kulinong'ona tu, baba angelishika, kazi ikaisha. Akajaza kanga mdomoni akaiuma, akangoja. Akangoja. Alijua ni neno moja hilo ambalo hana ruhusa ya kumsaidia nalo.

Kondo akauachia mkono wa Mkumba. Akaugeuza uso wake ukutani, kule kwenye picha, akanyoosha mkono wa kushoto, akaugusa uso wa Siwema uliochorwa. Akaupapasa kama mtu anayepangusa vumbi. Kisha akarudi, akaushika tena mkono wa mkwewe, akapiga kwa kidole chake mwenyewe, tu-tu-tu, akaanza upya tangu mwanzo.

"Na-ku-o-ze-sha bin-ti yan-gu Si... Si-we-ma! Kwa ma-ha-ri tu-li-yo-ku-ba-li-a-na!"

Mkumba akajibu kabla sheikh hajamwashiria. "Nimekubali kumuoa Siwema kwa mahari tuliyokubaliana!"

Vigelegele vile, wasioamini waende wakaulize Kibiti. Waliamka.

Watu walipokuwa kwenye pilau, Kondo akapiga mkono wa kiti, akataka asikilizwe. Wakanyamaza, sasa walikuwa mafundi wa kunyamaza. Ilichukua muda, pilau likapoa, na hakuna aliyelalamika. "Kiti... hiki. Sikitaki tena. Nitakaa... na watu. Apewe... aliye... nirudishia... mdomo."

"Nani, Mzee?" wakauliza wote kwa pamoja.

Kondo akafungua mdomo. Wakangoja. Akaufunga. Akacheka, akanyoosha kitana kwenye pazia. "Siwema... ataamua."

Hapo ndipo amani ilipokwisha.

Pazi akasema, "Mimi. Pasipo ukuta wangu mngejua anataka nini? Mkumba angekuwa ameshaoa kule Utete! Na jina lilipopotea alilikuta wapi, si kwenye picha yangu?"

Mzee Matimbwa akasema, "Picha ilikuwa hapo, lakini Ngwande angelitamka jina kabla Kondo hajageuza shingo. Mngekuwa na ndoa ya Ngwande. Mimi niliwapa nyinyi wote kitu ambacho hamkuwa nacho."

"Kitu gani?"

"Subira. Na kiuno chenu kinajua."

Bi Chausiku akasema, "Subirini mpaka muote mvi, neno lisilo na njia halitoki. Njia niliijenga mimi. Kuna neno moja alilolisema pale bila mdundo wangu?"

"Mdundo wako ulitaka kumwoza Mkumba cherehani!" Pazi akamrukia.

"Cherehani ilikuwa ya sheikh!"

Sheikh Mbonde akajifanya anatafuna.

Ngwande naye akainuka, akapangusa mafuta mdomoni. "Na mimi je? Mimi nilinyamaza! Nani kati yenu amewahi kuniona nimenyamaza? Hakuna aliyefanya kazi ngumu kama yangu leo." Wakamzomea, lakini wapo waliotikisa kichwa na kusema, hata huyu ana neno lake.

Siwema sasa ana watoto, na bado hajaamua. Kiti kipo palepale, amekifunika kanga ya harusi yake, na hakuna anayekikalia. Kondo hukaa kwenye benchi na wenzake, anaongea, polepole, anaongea. Ukimwuliza yeye ana maoni gani, hufungua mdomo vizuri kabisa, kisha huagiza chai kwanza. Chai, siyo ngazi. Siwema anashuku kwamba jina analo, na kwamba anafurahia tu kuwaona wale watatu wanavyomtumikia kwa sambusa wakimngoja alitaje.

Kiti ni kimoja, na chuma hakikatwi kama keki. Yupo aliyemfanya baba ajulikane anataka nini, yupo aliyempa muda wa kukisema, na yupo aliyemfungulia njia ya kukisemea. Je, wewe ungekuwa Siwema, kiti chekundu ungempa nani?

Jibu mwenyewe, kwa mdomo wako. Na mwenzako akianza kujibu, mwache amalize, hata akichelewa. Ufagio uko nyuma ya mlango.